Nani Asaini Fomu ya Upasuaji? Majibu Kutoka Wodi ya Wazazi, Moshi

Mimi ni muuguzi mkunga hapa Moshi. Maswali haya tunayapata mlangoni mwa leba, kutoka kwa ndugu waliosimama nje huku mama yuko ndani anateseka. Ninayajibu hapa ili myasome mkiwa bado nyumbani, mimba ikiwa bado changa.

Fomu ya ridhaa ni nini?

Ni karatasi inayoonyesha kwamba mgonjwa ameelezwa tatizo lake, tiba inayopendekezwa, hatari zake na njia nyingine kama ipo, kisha akakubali. Ridhaa yenyewe ni yale mazungumzo. Karatasi ni ushahidi tu.

Mke wangu ameambiwa ajifungue kwa upasuaji. Nani anasaini?

Yeye mwenyewe. Ana miaka 18 au zaidi, anajitambua, anaelewa anachoelezwa: anasaini yeye. Uchungu wa kuzaa haumwondolei mtu akili.

Hata kama anayelipa ni mimi?

Yeye mwenyewe. Kulipa bili hakukupi mamlaka juu ya tumbo lake.

Sasa mkinisubiri saa moja tu nifike?

Hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu hapa ndipo tunapopoteza watu.

Mimba ikishakomaa, damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi ni kama nusu lita au zaidi kila dakika. Mfuko ukichanika, au kondo la nyuma likibanduka kabla ya wakati, damu hiyo inamwagika, na mara nyingine inamwagikia ndani, hata shuka haionyeshi kitu. Kamba ya kitovu ikitangulia kutoka kabla ya mtoto, inabanwa, mtoto anakosa hewa, na ubongo wake unaanza kuumia ndani ya dakika chache. Ndiyo maana upasuaji wa dharura hulengwa ufanyike ndani ya dakika 30 tangu uamuzi utolewe. Wewe unaomba saa moja.

Na hiyo saa moja huwa si moja. Mume yuko Mererani, chini mgodini, simu haipatikani. Anatafutwa kaka yake Dar es Salaam. Kaka anasema hawezi kuamua bila baba, baba yuko Rombo, naye anataka kwanza aongee na daktari. Desemba hali huwa mbaya zaidi: ukoo wote umepanda nyumbani, wajomba wote wapo, na kila mmoja ana neno. Wakati wote huo mwenye tumbo amelala kitandani, macho wazi, anajua jina lake na umri wa mimba yake, na hakuna aliyemuuliza.

Msisubiri mume. Msisubiri baba mkwe. Msisubiri kikao cha ukoo. Tukikupigia simu tunakupa taarifa, hatuombi kibali.

Mama mkwe anasema wanawake wa kwetu hawapasuliwi, tumpe muda asukume.

Shikamoo tunampa, na tunamheshimu. Lakini mtoto aliyekwama nyongani hatoki kwa kutukanwa mama yake kwamba ni mvivu. Mama aliyekwama muda mrefu anaweza kupona na kubaki na fistula, mkojo unavuja bila kizuizi, na hao waliomwambia asukume ndio wa kwanza kumkimbia kwa harufu. Anayesaini ni nani? Yeye mwenyewe.

Je, kusaini ni kukubali kufa, ili hospitali isilaumiwe?

Hapana. Sahihi haimpi daktari ruhusa ya uzembe. Akikosea kwa uzembe, bado anawajibika mbele ya baraza lake la taaluma na mahakamani.

Mama haelewi Kiswahili. Mumewe si anatosha kutafsiri na kusaini?

Kusaini, hapana. Kutafsiri, kwa tahadhari kubwa. Nimeona mara nyingi: daktari anaeleza kwa kirefu, sababu, hatari, namna ya ganzi ya mgongo, halafu ndugu anamgeukia mama kwa maneno mawili, na mama anaitikia kwa kichwa. Hiyo si ridhaa, ni utii. Kwa mama wa Kimaasai kutoka Longido au Simanjiro, tunatafuta mfanyakazi anayejua Kimaa, kisha tunamwomba mama aturudishie kwa maneno yake alichokielewa. Kama hajui kuandika, anaweka dole gumba mbele ya shahidi. Inachukua dakika chache. Kumtafuta shemeji kunachukua zaidi.

Na kama hajitambui, au ni binti wa miaka 16?

Asiyejitambua, ndugu wa karibu aliyepo anashirikishwa. Binti mdogo, mzazi au mlezi anasaini, lakini binti naye anaelezwa. Mwili ni wake. Kama hakuna ndugu na maisha ya mgonjwa yako hatarini, daktari anashauriana na mwenzake, anaandika sababu kwenye faili, anaokoa mtu. Hakuna mgonjwa wa kuachwa afe kwa kukosa sahihi.

Mama mwenyewe akikataa?

Mtu mzima anayejitambua ana haki ya kukataa, na hatumfungi kamba. Ila tunawatoa ndugu nje na kuzungumza na mama peke yake. Mara nyingi kinachokataa ni hofu: ya gharama, au ya mume kusema kwamba hakuzaa bali alizalishwa. Akishaelezwa kwamba suala la fedha anaweza kulipeleka ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, wengi hukubali.

Lakini ni nesi wenu ndiye aliyesema tumlete mume kwanza!

Najua, na haya nawaambia wenzangu bila kuficha. Wapo wanaojificha nyuma ya sahihi ya mume kwa kuogopa lawama. Tamko la Geneva, kiapo cha madaktari duniani tangu 1948, liliongezewa mwaka 2017 ahadi ya kuheshimu uhuru wa mgonjwa kujiamulia. Halikutaja shemeji. Ndugu, ukiambiwa usubiri hivyo, mwulizie muuguzi kiongozi wa zamu au daktari wa zamu papo hapo, ukiwa hapo hapo mlangoni.

Ndugu wanaweza kuomba mgonjwa asiambiwe ugonjwa wake?

Kuomba wanaweza. Jibu ni kwamba taarifa ni za mgonjwa, na yeye ndiye huchagua nani mwingine azijue, na kama yeye mwenyewe anataka kuzijua zote.

Nimefika hospitali, nakuta mke wangu tayari yuko chumba cha upasuaji. Nifanye nini?

Usigombane na mlinzi. Nenda benki ya damu ya hospitali. Kama una miaka 18 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi na afya njema, unaweza kuchangia chupa moja, kama mililita 450. Mwanaume anaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu. Damu haiuzwi, kwa hiyo usimpe mtu hela akutafutie. Kama umekuja na wale wajomba, nenda nao.