Trei za mayai hazizuii kelele

Studio nyingi za nyumbani hapa Goma zimebandikwa trei za mayai ukutani, na mwenye chumba atakuapia kwamba sasa kelele hazipiti. Zinapita. Kinachozuia sauti ni uzito wa ukuta na kuzibwa kwa mianya. Hata ukiuongezea ukuta uzito mara mbili, kinadharia unapunguza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama 6 tu. Karatasi itafanya nini? Trei hufifisha kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, besi haziigusi, na zinashika moto upesi (angalia nyaya zako kwanza).

Kwa hiyo mwenye chumba cha mbao ataendelea kurekodi pikipiki na kwaya ya jirani. Aliyejenga kwa mawe ya volkano ana nafuu kubwa, na mawe hayo Nyiragongo haijatunyima. Lakini hata yeye, akiacha ufa chini ya mlango, kelele itaingia humohumo. Ziba kwa mpira.

Mwangwi wa ndani ni tatizo jingine, na hapo ndipo penye raha. Ning'iniza blanketi nzito nyuma ya mwimbaji, mbali kidogo na ukuta, simamisha godoro kwenye kona, halafu rekodi ubeti uleule kabla na baada. Ukisikia sauti imekauka na kusogea karibu, utacheka peke yako.

Mvua juu ya mabati? Hapo blanketi halisaidii. Zima maikrofoni, vaa hedfoni, uchanganye ulichorekodi jana.