Mali ya mzazi aliyefariki: ipi inapita mahakamani, ipi haipiti?

Matanga yakishaisha na viti vya kukodi vikirudishwa, mtu mmoja huuliza: "Sasa mali ya mzee tunaifanyaje?" Majibu hayakosekani, na mengi si ya kweli. Hapa nazungumzia Kenya, ambako jambo hili linaongozwa na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981.

"Kila alichoacha marehemu lazima kipite mahakamani."

La. Sheria inagusa mali huru tu, yaani mali ambayo marehemu angeweza kuitoa kwa hiari yake akiwa hai, na ambayo haki yake juu yake haikukatwa na kifo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Baba na mama wakiwa wamiliki wa pamoja wa ploti bila kugawana mafungu, haki ya baba hukatika siku anayokufa. Mama hupeleka cheti cha kifo kwa Msajili wa Ardhi, jina la baba linafutwa, basi. Lakini hati ikisema kila mmoja ana fungu lake, fungu la baba linahitaji mahakama. Kwa hiyo kabla ya kumlipa wakili, itoeni hati sandukuni muisome. Familia nyingi zinajua tu kwamba ipo.

Pensheni na bima ya maisha nazo mara nyingi huenda moja kwa moja kwa aliyeandikwa kuzipokea. Hisa na akiba za sacco ni vivyo hivyo: kama mwanachama alimteua mtu, chama humlipa huyo, kama hakuteua, chama hudai barua ya msimamizi wa mirathi, yaani hati ya mahakama inayomteua mtu wa kusimamia mali ya marehemu.

"Benki ina jina langu kama ndugu wa karibu, kwa hiyo pesa ni zangu."

Jina hilo ni la kutafutwa wakati wa dharura, halikufanyi mrithi. Na kujua namba ya siri ya marehemu si ruhusa ya kutoa pesa zake, hata kama ni za jeneza.

"Tumekubaliana kama familia, na chifu ameandika barua. Yatosha."

Hapa ndipo watu wanapoumia. Barua ya chifu ina kazi yake: huorodhesha walioachwa na marehemu, na mahakama huitaka. Makubaliano ya familia nayo ni dhahabu, kwa sababu jaji au hakimu akiona wote wametia saini, mgao huthibitishwa bila vita. Ila shamba likiwa kwa jina la marehemu peke yake, Msajili hawezi kulihamisha kwa muhtasari wa kikao.

Sasa kaka mmoja ana shida ya karo, anauza ekari moja ya "fungu lake". Kifungu cha 45 kinaliita hilo kuingilia mali ya marehemu: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Faini hiyo siku hizi haizidi sana bei ya mbuzi, ndiyo maana wengi hawaiogopi. Lakini atadaiwa na warithi alichokichukua, na mnunuzi ambaye pengine keshachimba msingi ana karatasi isiyomwezesha kupata hati. Hata msimamizi aliyeteuliwa haruhusiwi kuuza ardhi kabla mahakama haijathibitisha mgao, na uthibitisho kwa kawaida husubiri miezi 6.

"Aliacha wosia, mahakama ya nini tena?"

Wosia pia huthibitishwa mahakamani. Wa maandishi unahitaji mashahidi wawili. Wa mdomo pia, na aliyeutoa awe amefariki ndani ya miezi 3.

"Kifunguamimba ndiye msimamizi, na msimamizi ndiye mwenye mali."

Anayetazamwa kwanza ni mume au mke aliyebaki. Msimamizi mwenyewe ni mchukuzi tu: hukusanya, hulipa madeni, hugawa. Pasipo wosia, mjane hutumia mali maisha yake yote, na watoto hugawana sawa, binti aliyeolewa akiwa ndani ya hesabu. (Jaribu kulisema hilo kwenye kikao cha ukoo uone nyuso.) Kwa Waislamu mgao hufuata sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi inaweza kuusikiliza.

"Miaka imepita, tumeshachelewa."

Sheria haikuweka tarehe ya mwisho ya kuomba usimamizi. Ila kila mrithi anayekufa mkisubiri huacha faili lake. Shamba la babu likikaa hadi wajukuu wazeeke, mtaanza na cheti cha kifo cha babu mwenyewe, kisha cha kila mwanawe aliyemfuata.