Kima cha chini cha mshahara: namba inapatikanaje, na tunajuaje kama imefanya kazi?

Kila kima kipya kinapotangazwa, malalamiko hutufikia sisi wa ofisi ya kazi kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Mfanyakazi anasema ni kiduchu, mwajiri anasema kitamfilisi. Yote tunayapokea. Linalotuchosha ni lile la tatu: "Nani alikaa ofisini akaandika namba hii?" Hakuna aliyekaa peke yake.

Mkataba Na. 131 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unataka mambo yapimwe kwa pamoja: mahitaji ya mfanyakazi na familia yake, gharama za maisha, mishahara ya watu wengine na mafao ya hifadhi ya jamii, kisha hali ya uchumi, tija, na haja ya kulinda ajira. Waajiri na wafanyakazi lazima wasikilizwe. Uingereza ina tume ya watu tisa: watatu kutoka upande wa waajiri, watatu wa wafanyakazi na watatu wa kujitegemea. Tume hupendekeza, serikali huamua. Marekani hawana tume ya namna hiyo. Kima cha shirikisho hakipandi mpaka Bunge litunge sheria, ndiyo maana dola 7.25 kwa saa iliyoanza Julai 2009 imedumu zaidi ya miaka 15.

Wapo wanaodai hesabu ni rahisi: bei zimepanda asilimia kumi, basi ongezeni kumi. Si hivyo. Mfumuko wa bei unaotangazwa ni wa kapu la wastani, na mtu wa kipato cha chini hana kapu la wastani; chakula humla sehemu kubwa zaidi ya pato. Tunatazama pia mshahara wa kati, yaani wa yule anayesimama katikati watu wakipangwa mstari kuanzia anayelipwa kidogo hadi anayelipwa kingi. Umoja wa Ulaya, katika maelekezo yake ya 2022, umetaja asilimia 60 ya mshahara huo kuwa kipimo kimojawapo cha kujilinganisha.

Kupima matokeo ndiko kugumu. Duka likipunguza watu baada ya kima kupanda, huenda wangepunguzwa hata kisingepanda. Ndiyo maana wachumi David Card na Alan Krueger walilinganisha majimbo mawili jirani ya Marekani: New Jersey, ambako kima kilitoka dola 4.25 hadi 5.05 mwezi Aprili 1992, na Pennsylvania, ambako hakikuguswa. Katika migahawa 410 ya vyakula vya haraka, hawakuona ajira ikishuka upande uliopandisha. Utafiti huo ulibishaniwa sana, na hautoi ruhusa ya kupandisha bila kikomo. Lakini anayesema kila nyongeza huua ajira anasema asichokipima.

Sasa utekelezaji, ambako muda wetu mwingi huishia. Tuchukulie kima ni 100 kwa saa. Hati ya malipo inaonyesha 20,000 kwa mwezi, na mwajiri ana uhakika yuko salama. Mkaguzi anafungua daftari la mahudhurio: saa 240. Gawanya, unapata 83. Na hapo bado gharama ya sare ya kazi haijakatwa kwenye mshahara. Mwajiri anatoa karatasi yenye sahihi ya mfanyakazi aliyekubali kulipwa hivyo. Karatasi hiyo haimsaidii. Kima kina nguvu ya sheria, na hakishushwi kwa makubaliano, hata mfanyakazi angesaini mara kumi.

Adhabu hutofautiana nchi na nchi, ila mtiririko wake unafanana: kwanza malimbikizo yote, yaani kiasi mfanyakazi alichopunjwa, hulipwa, kisha faini. Uingereza faini ni asilimia 200 ya malimbikizo, isiyozidi pauni 20,000 kwa kila mfanyakazi, na hupunguzwa nusu mwajiri akilipa ndani ya siku 14. Narudia kwa sababu huulizwa kila wiki: faini haifuti deni la mfanyakazi, na kumlipa mfanyakazi baada ya kukamatwa hakufuti faini.

Unapoleta lalamiko, njoo na hati za malipo na kumbukumbu za saa. Kama mwajiri hatoi hati, andika mwenyewe kila siku saa ya kuingia na ya kutoka, kwa tarehe. "Nalipwa kidogo" haigawanyiki kwa saa.