Kundi la darubini zinazojiendesha si jicho moja kubwa

Kundi la darubini zinazojiendesha ni darubini kadhaa, aghalabu ndogo na za aina moja, zilizowekwa mahali pamoja na kuongozwa na kompyuta usiku kucha: kompyuta hupima hali ya hewa, hufungua paa, huchagua nyota na kupiga picha, na mawingu yakitanda hufunga paa bila kumsubiri mtu. Maana imeishia hapo. Linalochosha ni kuambiwa, kila zinapotajwa, kwamba zimeunganishwa ili ziwe darubini moja kubwa ya kuionea sayari ya mbali.

Chanzo cha dhana hiyo kinaeleweka. Kule Karoo, Afrika Kusini, antena 64 za darubini ya redio ya MeerKAT hupokea mawimbi ya redio ambayo baadaye huchanganywa, na hivyo kwa pamoja hufanya kazi ya chombo kimoja kipana. Mradi wa MEarth, wa kutafuta sayari zinazozunguka nyota nyingine, ulioanza mwaka 2008 katika Mlima Hopkins, Arizona, haukufuata njia hiyo. Kila moja ya darubini zake nane, yenye kioo cha sentimita 40 tu, ilipewa nyota zake, ikazipitia kwa zamu na kuzirudia usiku huohuo. Kompyuta ikishuku kwamba mwanga wa nyota fulani umeshuka, iliweza kuvunja ratiba ili darubini ibaki hapohapo. Nyota zilizolengwa, yaani vibete vyekundu (nyota ndogo zenye mwanga hafifu) vilivyo jirani na Jua, zimetawanyika angani kote, wala hazikusanyiki katika picha moja. Wingi wa darubini uliongeza nyota zinazochunguzwa, haukuongeza ukali wa kuona.

Na sayari yenyewe haionekani kabisa. Kinachopimwa ni mwanga wa nyota, ambao hufifia sayari inapokatiza mbele yake. Mwaka 2009 MEarth ilitangaza sayari ya GJ 1214 b, yenye kipenyo cha takriban mara 2.7 ya kile cha Dunia, iliyokuwa ikipunguza mwanga wa nyota yake kwa zaidi kidogo ya asilimia moja kila baada ya saa 38 hivi. Dunia ikikatiza mbele ya Jua, upungufu haufiki hata sehemu moja ya elfu kumi.

Ni kweli kwamba darubini 12 za NGTS, mradi mwingine wa kutafuta sayari huko Paranal nchini Chile, wakati mwingine huelekezwa zote kwenye nyota moja. Hata hapo, kila moja hupima mwanga kivyake, na kinachojumlishwa ni vipimo, ili makosa madogo yapungue. Kwa hiyo neno “zimeunganishwa” tuwaachie MeerKAT. Hizi nyingine yatosha kusema kwamba zinagawana kazi.