Taa za tela kwenye pikipiki: kiungo cha chuma si waya wa ethi

“Tela ni chuma, pikipiki ni chuma, ethi itapita yenyewe kwenye kiungo.” Wateja wanasema hivi, mafundi nao wanaitikia. Ethi ni njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Wanachosema si kweli, na inachosha kuirudia kwa kila tela inayoletwa na taa zilizochanganyikiwa.

Kiungo kinachoshikanisha tela na pikipiki kina rangi, grisi na kutu, na kinacheza kila tela inapopita kwenye shimo. Kikifungwa kwenye mkono unaoshika tairi la nyuma, kati yake na fremu huweza kuwa na bushi za mpira, zisizopitisha umeme. Ethi ikikosekana, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri. Chukua balbu ya 21/5W, yenye nyuzi mbili, wa breki 21W na wa taa ndogo 5W: ukikanyaga breki, umeme unaingia kwenye uzi wa 21W, unakosa pa kutokea, unapita uzi wa 5W wa balbu hiyohiyo, kisha unarudi kupitia taa ndogo ya pikipiki. Uzi wa breki unabaki giza, taa ndogo zinamulika hafifu ilhali swichi imezimwa. Hapo mtu anakwenda kununua balbu mpya! Balbu haina kosa lolote.

Vuta waya wa ethi wa milimita za mraba 1.5 kutoka kila taa hadi kwenye plagi, na kutoka kwenye soketi moja kwa moja hadi hasi ya betri. Kwenye plagi ya kawaida ya pini 7 aina ya 12N, ethi ni pini namba 3. Kisha pima: weka mita kwenye volti za DC, ncha moja hasi ya betri, ya pili kwenye ethi ya taa ya tela, breki ikiwa imekanyagwa. Volti 0.2 au chini ni sawa. Ukisoma volti 1, kuna muungo mbovu. Ufuatilie mpaka uupate, usiondoke hivyo.

“Unga tu kwenye waya wa taa ya nyuma.” Balbu mbili za breki za 21W zinaongeza ampea 3.5 kwenye swichi ndogo iliyokusudiwa balbu moja. Sehemu zake za ndani zinazogusana zinaungua. Tumia rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa; miguu yake ina namba: 86 ipokee waya wa breki wa pikipiki, 85 ethi, 30 chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 5 iliyo karibu na betri, 87 iende kwenye taa za breki za tela.

“Fyuzi ikikatika, weka kubwa zaidi.” Hapana, kamwe. Fyuzi inalinda waya. Ukiweka ya ampea 20 kwenye waya mwembamba, waya ndio utakaoyeyuka, tena chini ya tangi la petroli. Tafuta panaposhoti, hasa waya unapokunjwa kwenye kiungo.

“LED hazina shida.” Zinakula umeme kidogo, ndiyo, lakini ethi bado inahitajika, na ukigeuza chanya na hasi haziwaki. Indiketa za tela zikifanya flasha ya zamani, kifaa kinachozimulisha na kuzizima, ikimbie au igande, badilisha uweke ya elektroniki isiyotegemea mzigo.