Tundu la moyo na nyonga mpya

Binti wa mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, Kongo, tuliyembadilisha nyonga alinisimamisha mlangoni: "Dokta, umuache mama alale. Jana mmemkata, leo mnamsimamisha?" Nilimwelewa. Kwetu Bukavu kumpenda mgonjwa ni kumfunika blanketi na kumkataza kushusha mguu. Lakini mguu uliolala ndio ninaouogopa.

Tunapobadilisha nyonga au goti, mfupa unakatwa, mishipa ya jirani inaumia, na damu inakuwa rahisi kuganda. Mgonjwa akilala tu, damu inatuama kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za ndani za mguu na bonge la damu linajijenga. Mara nyingi bonge hilo likichomoka hupita upande wa kulia wa moyo na kukwama mapafuni: pumzi inakata ghafla, kifua kinauma. Wauguzi wetu wanaijua hatari hiyo vizuri.

Ipo njia nyingine isiyozungumzwa sana. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu, kwa hiyo damu yake huvuka kutoka chumba cha juu cha kulia cha moyo kwenda cha kushoto kupitia kitundu chenye kifuniko, forameni ovale. Akishazaliwa, kifuniko hushikamana na ukuta. Kwa karibu mtu mzima 1 kati ya 4 hakishikamani kikamilifu, na wengi wao hubeba mizigo kwenye milima yetu hadi uzeeni bila kujua lolote. Shinikizo la upande wa kushoto ndilo hukibana. Mgonjwa akikohoa kwa nguvu au akijikaza chooni, shinikizo la kulia hupanda na kifuniko huachia. Bonge lililoziba mapafu hufanya vivyo hivyo, tena kwa muda mrefu zaidi. Bonge jingine linalofuata nyuma yake linaweza kuvuka kupitia kitundu hicho na kupanda ubongoni. Ndivyo mtu aliyetibiwa mguu anavyopata kiharusi. Julius Cohnheim, mtaalamu wa Ujerumani, aliieleza njia hii mwaka 1877.

Kwa hiyo kabla ya operesheni nauliza: umewahi kupata kiharusi ambacho chanzo chake hakikujulikana? Akijibu ndiyo, naomba ekografia (picha ya mawimbi ya sauti) ya moyo yenye mapovu: maji ya chumvi yaliyotikiswa huchomwa kwenye vena ya mkono, kisha tunatazama kama mapovu yanatokea upande wa kushoto. Simpimi kila mtu, maana wengi wenye kitundu hawadhuriki kamwe.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, tuiteni papo hapo na mkumbuke saa ilipoanza. Msingoje asubuhi. Tena dawa ya kuyeyusha bonge inaweza kufanya kidonda kibichi kivuje damu vibaya, hivyo nguvu yangu yote naiweka kwenye kuzuia: kutembea mapema, maji ya kutosha, na dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo kwa nyonga inaweza kufika siku 35. Hapo ndipo familia nyingi hukatiza, kwa sababu mgonjwa ameshafika nyumbani na anaonekana mzima.

Yule binti aliuliza nani atamchoma mama sindano ya dawa hiyo huko Kadutu. Tulimfundisha mwenyewe, kwenye ngozi ya tumbo, mara tatu mbele yetu.