Mbona Udzungwa hakukauki na sisi Dodoma tunakaushwa?

Kwenye maonesho ya Nane Nane pale Nzuguni, Dodoma, mzee mmoja alisimama kwenye meza yetu akaangalia picha ya maporomoko ya Sanje, yale ya mita 170 kwenye milima ya Udzungwa, akaniuliza "mwanangu, haya maji mnayapata wapi, mbona sisi huku hata mtama unatushinda?" Nilimjibu kwa haraka maana foleni ilikuwa ndefu, ila swali lenyewe lilikuwa zuri kuliko yote niliyoulizwa siku ile, so ngoja nilijibu vizuri hapa.

Iko hivi mzee wangu. Upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, unakutana na Milima ya Tao la Mashariki, ile safu inayoanzia Taita kule Kenya inakuja Pare, Usambara, Uluguru, Ukaguru, Rubeho (hiyo watu wa Mpwapwa mnaijua) mpaka Udzungwa. Upepo ukigonga mlima unalazimika kupanda, huko juu kuna baridi, unyevu unageuka mvua inashuka upande wa mashariki. Ukivuka kuja huku bara umeshamwaga mzigo. Hiyo siyo sababu pekee ya ukame wetu lakini ni kubwa: mteremko wa mashariki wa Udzungwa unaweza kupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, Dodoma tunazungumzia 500 na kitu, tena za msimu mmoja.

Sasa utamu upo hapa. Zama za barafu Afrika ilikauka, misitu mingi ikageuka nyika, ila milima hii iliendelea kunyweshwa na bahari. Kwa hiyo viumbe waliokuwemo walibaki humo humo mamilioni ya miaka, wamejifungia kama kisiwani, wakawa tofauti na ndugu zao wa kwingine.

Mfano kwale wa Udzungwa. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini msituni, wakaona kwenye sufuria miguu ya ndege wasiyemfahamu. Yaani sayansi imempata ndege mpya kwenye mboga! Na kumbe ndugu zake wa karibu wako Asia. Au yule nyani wa Sanje, wataalamu walimtambua 1979 kwa kusikia mlio wake, wakati wenyeji walikuwa wanamjua siku zote na jina lake wanalo. Mimi hapo huwa nasema "kugundua" ni neno la kutumia kwa adabu kidogo.

Ila kipenzi changu ni sange mwenye uso wa kijivu. Alinaswa na kamera ya kutegwa 2005, akatangazwa rasmi 2008. Ana pua ndefu inayochezacheza kama mkonga mdogo, miguu myembamba, mgongo mwekundu unaoishia mweusi nyuma, uzito kama gramu 700 hivi, anapekua majani makavu akitafuta wadudu. Sura ya panya lakini siyo panya, kiukoo yuko karibu zaidi na tembo na pimbi, najua hamtaniamini.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992, ina kilomita za mraba 1,990, kilele cha Luhombero kina mita 2,576. Humo hamna kuzunguka na gari kama Mikumi, ni miguu yako tu, na viatu vya kuteleza acheni nyumbani jamani. Kutoka Dodoma panda treni ya SGR mpaka Morogoro, halafu basi la Ifakara linalopita Mikumi, shuka Mang'ula kwenye geti.

Ukiwa msituni ukaona rundo la majani makavu chini limejaa kuliko kawaida, zunguka pembeni. Sange hulala humo, na mlangoni hagongi mtu.